Siku nyepesi Likasi: mwongozo kwa marafiki wawili wanaokwenda Kolwezi kwa kinga (baiskeli)

Huku kwetu Katanga, kusini mwa Kongo (DRC), kutoka Lubumbashi hadi Likasi ni kilomita 120 hivi kwa barabara ya taifa namba 1, na kutoka Likasi hadi Kolwezi ni kama 180 nyingine. Watu wawili wenye miguu ya kawaida, wenye VTT (baiskeli za milimani) za mkono wa pili na mizigo ya kilo kumi na tano kila mmoja, wanazimaliza kwa siku tano au sita bila kujitesa. Kila anayeniomba ushauri huja na karatasi yenye hesabu hiyo: kilomita 300 zikigawanywa kwa siku, hapa tunalala, kule tunakula bukari (ugali). Siku nyepesi haimo kwenye karatasi. Basi hujileta yenyewe baadaye, mahali pabaya, kwa sura ya goti lililovimba au ya marafiki wawili wanaoendesha mita mia tano mbalimbali bila kusemezana.

Nikisema siku nyepesi, ninamaanisha hivi: mnalala sehemu moja usiku mbili, mizigo inabaki chumbani, mnaendesha kilomita 15 hadi 25 asubuhi, mnarudi kabla jua halijawa kali, na mchana uliobaki ni wa matengenezo, chakula na usingizi. Kipande kifupi chenye mizigo si siku nyepesi, hata kikiwa cha kilomita 30, kwa sababu mtafungasha, mtafungua, mtatafuta chumba, na jioni mtakuwa mmechoka kama jana. Kulala kitandani mchana kutwa nako sikupendi kwa mtu mzima wa afya. Miguu iliyotoka kwenye siku mbili za mizigo hukakamaa ikisimamishwa ghafla, na maumivu ya misuli huwa makali zaidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu baada ya kazi. Kuzungusha pedali bila nguvu hufanya damu itembee. Mgonjwa ni habari nyingine, nitafika huko.

Iwekwe wapi

Likasi, siku ya tatu. Kipande cha Lubumbashi hadi Likasi kigawanyeni mara mbili, kilomita 60 na 60. Wapo wanaokimaliza kwa siku moja, lakini barabara hiyo ina malori ya migodi, yenye shaba na kobalti yakielekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na yenye asidi na mashine yakipanda Kolwezi. Kuendesha saa nane huku sikio liko nyuma kunachosha kichwa kabla ya miguu. Mkifika Likasi jioni ya pili, kila kitu kisichokaa sawa kimekwisha kujionyesha: kiti kilichoshuka, mnyororo unaolia, na tabia ya mwenzako ya kusimama kila penye ndizi. Na Likasi ina soko, mafundi, maduka ya dawa, na magari ya kurudi Lubumbashi ikibidi. Mbele yake, hadi Fungurume, mji wa migodi ulio njiani kuelekea Kolwezi, hamtapata vyote hivyo pamoja.

Siku nyepesi ya pili, kama muda upo, iwekeni Kolwezi kabla ya kugeuza. Wakati wa kiangazi upepo wa kwetu hutoka zaidi kusini-mashariki. Mkitoka Lubumbashi mnaelekea kaskazini-magharibi, kwa hiyo unawasukuma mgongoni na mnajisifu kuwa mmekuwa hodari. Wakati wa kurudi upepo uleule utawapiga kifuani kwa siku zote. Kolwezi pia iko juu, mita 1,400 na zaidi, wakati Lubumbashi iko kwenye 1,200 na kidogo. Mnateremka kidogo mkirudi, ndiyo, lakini mteremko huo umetawanyika kwenye kilomita mia tatu na hamtausikia. Upepo mtausikia.

Safari hii ni ya kati ya Mei na Septemba. Oktoba joto hupanda, na kuanzia Novemba mvua hugeuza kando ya barabara kuwa matope. Juni na Julai usiku ni wa baridi kweli, unaweza kushuka chini ya digrii 10, kwa hiyo bebeni sweta hata kama mchana mtaendesha kwa fulana.

Kuna dalili za kuileta siku nyepesi mapema kuliko ilivyopangwa. Pima mapigo ya moyo kila asubuhi kabla ya kuinuka, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, dakika nzima. Yakizidi ya kawaida yako kwa kumi au zaidi, mwili haujamaliza kazi ya jana. Dalili nyingine ni usingizi uliokatika ingawa ulichoka, au chakula kutopita. Na ukijikuta umekasirishwa na namna mwenzako anavyokunywa maji, usiandike hotuba ya kumpa. Mwambie leo tupumzike.

Jioni ya kuamkia

Kubalianeni mambo machache mkiwa bado mmeketi mezani, kwa sababu asubuhi kila mmoja ataamka na siku yake kichwani.

Kwanza, njia na mwisho wake. Msiseme "tutazunguka kidogo." Semeni: tunakwenda hadi pale, tunageuza, saa nne tumerudi. Likasi imezungukwa na majina yanayovuta. Kambove iko kilomita 25 hivi, na mtu mwenye miguu ya siku ya tatu huiona karibu. Kwenda na kurudi ni 50, hiyo ni siku kamili. Maporomoko ya Mwadingusha kwenye mto Lufira yanastahili safari yake, siku nyingine, kwa gari. Shinkolobwe, ambako ilitoka uranium ya mabomu ya 1945, imefungwa kwa amri tangu 2004 na si mahali pa kutalii hata kwa mtu mwenye udadisi mzuri. Kokote kwenye uzio wa mgodi au kiwanda, kwenye daraja, kwenye peaji (kituo cha kulipia barabara) au karibu na askari, simu ikae mfukoni. Picha moja ya tanuru inaweza kuwala asubuhi nzima ofisini mwa mtu.

Pili, nani atangulie. Siku nyepesi hutangulia yule aliyechoka zaidi, na wa nyuma hampiti hata kwenye mteremko. Siku nyingine mnaweza kupokezana, leo hapana.

Tatu, saa za kila mmoja peke yake. Wekeni wazi kuwa kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, kwa mfano, kila mtu ana njia yake, na hakuna atakayeulizwa alikuwa wapi. Marafiki hulisahau hili wakidhani ni dharau. Mmeamka pamoja, mmekula pamoja, mmesikia pumzi ya kila mmoja kwa siku mbili; kutengana saa tatu ni dawa.

Na chumba. Nyumba za wageni za parokia mara nyingi ni tulivu kuliko hoteli ndogo za karibu na soko, na mapadri wamezoea wasafiri. Popote mtakapolala, ulizeni kabla ya kulipa: "Muzee, kinga zetu zinaweza kuingia ndani?" Ndani maana yake chumbani, si uani kwenye mlinzi. Kama mnalala kwa mtu, mpelekeni salamu chef wa mtaa siku hiyohiyo mliyofika, mkiwa na kadi zenu za uchaguzi, ambazo kwetu ndizo vitambulisho. Dakika kumi za heshima jioni ni bora kuliko maelezo ya saa mbili kesho.

Asubuhi

Msiamke na giza. Malori hayawahusu leo. Mapigo ya moyo, kisha mkojo: ukiwa wa manjano hafifu, endelea, ukiwa mweusi kama chai, kunywa nusu lita kabla ya kitu kingine chochote. Kisha gusaneni paji la uso. Natania nusu tu. Homa kwenye safari huvaa nguo za uchovu: mwili mzito, viungo vinauma, baridi. Mwendeshaji husema ni mlima wa jana. Ikiwa kuna homa, leo si siku nyepesi, ni siku ya kituo cha afya kwa kipimo cha malaria, kile cha tone la damu kinachojibu kwa dakika 15 au 20. Bukari haitibu palu (malaria).

Chai, mikate au bitumbula (maandazi), ndizi mbili, kalanga. Mle hata kama hamna njaa.

Mwendo wenyewe

Kipimo cha mwendo wa leo ni mdomo. Uweze kumsimulia mwenzako mechi nzima ya Mazembe, na mabao yote na makosa ya mwamuzi, bila kukata pumzi katikati ya sentensi. Ukianza kujibu kwa "ee" na "hapana", umekaza. Ukiona mwenzako wa mbele amenyamaza, usimwambie apunguze. Muulize swali refu.

Gia iwe laini, miguu izunguke haraka bila kusukuma. Hesabu mguu mmoja kwa sekunde 15: ukishuka mara 20 hivi, ni sawa. Ukipata 12, unasukuma, punguza gia. Mwenye baiskeli ya gia moja atashindwa kufika 20 bila kwenda kasi, basi yeye afuate kipimo cha mdomo tu.

Likasi ni mji wa vilima. Panapopanda sana, shuka usukume. Wabeba makala (mkaa) kwa baiskeli husukuma kila siku na hakuna anayewacheka. Mtakutana nao wakiingia mjini, magunia yamepita vichwa vyao, na wakiteremka breki yao mara nyingi ni kandambili kwenye tairi. Wapisheni mapema, upande ulio wazi, wala msisimame katikati kuwasalimia. Salamu ipigeni mkiwa kando. Na msishindane nao hata kwa mchezo. Kijana mwenye magunia matatu akiwapita kwenye tambarare atakuwa anakwenda kazini, na ninyi mko mapumzikoni.

Ondokeni kwenye barabara kuu haraka iwezekanavyo. Barabara ya vumbi yenye kivuli, isiyo na mchanga mzito, ndiyo nzuri. Ulizeni wenyeji swali moja: malori yanapita huku? Jibu likiwa ndiyo, tafuteni nyingine. Kiangazi kikikolea kuna moto wa pori kila upande, na moshi huo ukiingia kifuani kwa saa mbili, faida ya asubuhi imekwisha. Mkiuona mbele, geuzeni. Mkibahatika mtapita kwenye miombo yenye vichuguu vikubwa kama nyumba, ambavyo wafyatuaji wa matofali hukata udongo wake. Simameni hapo, kaeni kivulini, kuleni ndizi. Kusimama kumo kwenye ratiba.

Nusu ya muda uliopangwa ikifika, mgeuze. Hata kama hamjafika mahali. Nalisisitiza hili kuliko yote kwa sababu siku nyepesi haiharibiwi na uvivu, huharibiwa na "pale kwenye kona tu."

Nguo, kisha baiskeli, kisha mwili

Mpangilio huu una sababu. Nguo zinahitaji jua, kwa hiyo zifuliwe mara mnaporudi, hasa kaptula za kuendeshea. Geuzeni ndani nje, sabuni ya kipande, suuzeni mara mbili, maana sabuni iliyobaki kwenye kitambaa huchubua kama jasho. Hewa ya kiangazi ni kavu, saa nane zitakuwa tayari. Baiskeli inafuata kwa sababu itawachafua. Kuoga ni baada yake.

Pindueni baiskeli, au ziinamisheni ukutani, na anzeni na mnyororo. Vumbi jekundu la kwetu likichanganyika na mafuta huwa msasa. Futeni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, mkizungusha pedali kinyumenyume hadi kitambaa kitoke bila weusi mwingi. Uacheni ukauke, kisha tone moja la mafuta mepesi kwenye kila kiungo. Ya cherehani yanafaa. Zungusheni, subirini dakika kumi, futeni nje tena hadi mnyororo uonekane mkavu. Wengi hukosea hapo mwisho: wanaacha mafuta yanayong'aa, na kilomita tano mbele yamebeba mchanga wote wa Fungurume. Grisi msiweke kabisa kwenye mnyororo, hata fundi akisema.

Kisha upimeni kwa rula ya mwanafunzi. Hesabuni viungo 20, vya ndani na vya nje vyote, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini. Mnyororo mpya utatoa sentimita 25.4. Ukisoma 25.5 na kidogo, umeanza kuchakaa. Ukifika 25.6, nunueni mpya Likasi, kwa sababu mnyororo uliorefuka hula meno ya gia, na gia ni ghali kuliko mnyororo. Asiye na rula auvute mnyororo kwa mbele kutoka kwenye gia kubwa: ukiinuka hadi nusu ya jino ionekane, jibu ni lilelile.

Matairi sasa. Toeni upepo, pitisheni kitambaa cha pamba ndani ya tairi pole pole. Kitambaa kitanasa kwenye kile ambacho jicho halioni, na vidole vyenu vitabaki salama. Mara nyingi hukuti mwiba, bali uzi wa chuma mwembamba kama unywele, kutoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka kandokando ya barabara. Uzi huo hutoboa leo, mnaziba, mnapanda, na kesho unatoboa palepale. Uvuteni kwa kibano au kwa meno ya koleo ndogo. Viraka vilivyobandikwa njiani kwa haraka vitazameni upya kwenye beseni la maji. Kinachotoa kipovu kibandueni, kwangueni kwa msasa, pakeni gundi nyembamba, iacheni ikauke hadi isinate kidoleni, ndipo mbandike na kukandamiza. Gundi mbichi ndiyo sababu viraka vingi vinafunguka.

Jazeni upepo kwa kufuata namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi, la nyuma zaidi ya la mbele kwa kuwa linabeba mzigo.

Spoki: zigongeni moja moja kwa kijiti, mkisikiliza. Zilizokaza zinalia, iliyolegea inasema "du". Tazameni sana gurudumu la nyuma upande wa gia, ndipo zinapokatikia. Breki: kama mpira wake umepoteza mifereji, badilisheni. Nyaya zikichanua nyuzi mwishoni mwa mkono wa breki, msingoje ikatike kwenye mteremko. Na bolti mbili za chini zinazoshika chuma cha mizigo karibu na ekseli, hizo hulegea kimya kimya kwa mtikisiko. Kaza.

Kitu kinachozidi ujuzi wenu kipelekeni kwa fundi, yule mwenye beseni la maji na mipira ya ndani imening'inia mtini. Kubalianeni bei kabla hajashika spana, kaeni karibu mkiangalia, na mkibadilisha spoki mchukueni ile iliyokatika kama kipimo, maana za VTT na za kinga kubwa za mizigo hazilingani urefu. Fundi mzuri hatakasirika mkimwangalia. Atawaeleza anachofanya na pengine atacheka mliyofunga wenyewe.

Mwili

Sehemu ya kukalia ioshwe kwa sabuni, ikaushwe kabisa, kisha mvae kitu kipana chenye hewa, bila kaptula ya kuendeshea tena hadi kesho. Panapowasha papakwe vaselini kidogo. Panapotoka usaha, mwonyesheni muuguzi. Kuendesha juu ya jipu si ushujaa.

Goti likiuma mbele, chini ya kifuniko, kiti chako huenda kiko chini mno. Likiuma nyuma, huenda kiko juu mno. Inua au shusha milimita tano, si zaidi, na ujaribu kwa kuzunguka mtaa. Siku nyepesi inafaa sana kwa hili kwa kuwa hakuna mzigo unaokudanganya. Vidole viwili vya mwisho vya mkono vikifa ganzi, ni mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiganja umebanwa: inua usukani kidogo, badilisha mahali pa kushika kila baada ya dakika chache, funga kitambaa kwenye mshiko.

Kunyoosha misuli, kidogo tu na bila kuruka-ruka. Halafu lala. Usingizi wa saa moja mchana hauna mbadala, na asiyelala mchana akae basi, asiende kuzunguka mji kwa mguu. Kuna watu wanaokataa kuendesha kilomita 20 kisha wanatembea kumi sokoni.

Chakula na maji

Kosa la kawaida ni kula kidogo kwa sababu "leo hatukufanya kazi." Leo misuli inarudisha akiba iliyotumika kwa siku mbili, na kazi hiyo huchukua siku nzima au zaidi. Kwa hiyo mchana ni bukari ya kushiba, pamoja na maharagwe, samaki wa tomsoni au ndakala (dagaa), na sombe (kisamvu) au matembele. Jioni tena. Katikati, bilunga (viazi vitamu) za kuchemsha, ndizi, parachichi, kalanga. Mkiona samaki wabichi wa Kapolowe sokoni, watoka kwenye maji ya Lufira hapo jirani, msipite.

Nyama ya michopo ni tamu, lakini kuleni ile inayotoka motoni mbele yenu. Mboga mbichi zilizooshwa kwa maji msiyoyajua ziacheni. Katanga ina kipindupindu mara kwa mara, na maji ni jambo la kwanza kuangalia: yachemsheni hadi yabubujike dakika moja, au tumieni kidonge cha klorini na mngoje nusu saa kabla ya kunywa. Siku nyepesi ndiyo ya kuchemsha maji ya kesho, mkayapoza usiku kwenye chupa.

Tumbo likiharibika, changanyeni lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, mnywe kidogo kidogo. Chumvi isizidi. Damu kwenye choo, au kuharisha kama maji kusikokoma, ni hospitali, na safari isimame.

Munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, uliotengenezwa leo kwa mtu mnayemwona, ni kinywaji kizuri cha mchana. Bia moja jioni haijavunja safari ya mtu, ingawa chupa ya kwetu ni kubwa na ya pili hujiita yenyewe. Lutuku, pombe kali ya kienyeji, hapana. Sina maelezo marefu juu ya lutuku.

Ninyi wawili

Baada ya kula, kabla ya kila mmoja kwenda zake, fungueni mfuko wa pamoja. Hesabuni mbele ya wote wawili: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na kila mmoja aongeze sawa. Anayeshika mfuko abadilike leo. Madeni madogo ya soda na unite za simu yafutwe au yalipwe hapohapo. Fedha zinazobebwa kichwani ndizo zinazozungumza kwa ukali kwenye mlima.

Kisha kila mmoja aseme jambo moja tu ambalo angependa libadilike, na mwenzake asijibu papo hapo. "Yaya (mkubwa wangu), ukisimama, piga kengele kwanza, mimi nipo nyuma yako." Hilo linatosha. Malalamiko yanayosemwa mezani huku tumbo limejaa huwa maombi. Yakisemwa barabarani huwa ugomvi. Mkubwa asitumie umri wake hapa kufunga mazungumzo, na mdogo asingoje hadi Kolwezi ndipo amwambie shemeji kwa simu.

Mmoja akiwa na nguvu kupita mwenzake, atashawishika kwenda peke yake hadi Kambove "kuua muda." Nimesikia watu wakisema hiyo ni njia ya kusawazisha miguu. Matokeo ni kwamba anarudi jua likizama, baiskeli iliyosafishwa imejaa vumbi, mwenzake amekaa na wasiwasi tangu saa kumi, na hakuna aliyepumzika. Mwenye nguvu apewe kazi: aende kununua mnyororo, achemshe maji, atafute mahali pa kuchaji simu, maana umeme huja na kuondoka na ukija ni wa kuwahi.

Ikiwa uchovu wa mmoja haukushuka hadi jioni, mapigo bado yako juu au goti limezidi, chaguzi ni mbili: siku ya pili ya kupumzika, au gari la kurudi Lubumbashi na baiskeli juu ya paa. Aamue yule anayeumia. Mwenye afya aseme gharama na muda, asiseme zaidi.

Jioni na asubuhi inayofuata

Jua huzama karibu na saa kumi na mbili, na Juni mapema kidogo zaidi. Fungasheni kabla ya hapo. Vizito chini na karibu na ekseli, pande mbili zilingane, mkizipima kwa kuinua mkono kwa mkono. Pampu, viraka, mpira mmoja wa ndani na spana vikae juu, mahali mkono unapofika bila kufungua kitu kingine. Sweta pia, kwa ajili ya asubuhi. Piga simu nyumbani sasa, mtandao ukiwa mzuri, mwambie mtu mtalala wapi kesho.

Kesho miguu itawadanganya. Mtatoka Likasi mkijisikia wapya, barabara ya Fungurume mbele, na upepo mgongoni. Kilomita kumi za kwanza ziendesheni kwa kipimo kilekile cha mdomo, mzigo wote ukiwa juu. Kwenye kilomita ya tano hivi simameni kando kabisa ya barabara, zimeni mazungumzo, na mkaze tena zile bolti mbili za chini. Baada ya mizigo kurudi ndipo zinapokaa mahali pake. Shikeni gurudumu la nyuma kwa mkono muone kama halichezi, guseni rimu kama breki haiibani. Kisha apite mbele yule aliyekuwa nyuma jana.